Gongo Linaloishia Njiani

Mwalimu Ayikoru hakuwa mtu wa kutulia. Hata kanisani pale Mvara mguu wake ulikuwa ukitikisika mpaka wamama wa benchi la mbele wageuke. Lakini juma lile la mwaka 1974 lilizidi. Chakula hakishuki, usingizi hauji, na kila lori la jeshi lililonguruma kuelekea mji wa Koboko lilimwinua kitini kwenda dirishani, asijue anatafuta nini.

Besiboli alifundishwa na Mmarekani wa kujitolea aliyekuwa mwalimu wa hesabu shuleni, kabla Wamarekani hawajafunga virago kurudi kwao. Gongo la kupigia mpira alichongewa na Basile, seremala kutoka Kongo, aliyeligeuza mkononi na kuuliza, "Mwalimu, hii si ya kupigia mutu?" Sasa alikuwa na timu ya wasichana, na Jumamosi walitakiwa Koboko kucheza na shule ya huko. Bila Kaltumu, mmoja wa wasichana hao, timu haitimii, na Kaltumu, jamani, alikuwa akimtoa roho.

Jicho mtoto huyo alikuwa nalo, mpira haumpiti. Ila gongo likishaugusa tu, mikono inaganda mbele ya kifua na mpira unadondoka hapo hapo miguuni.

"Usikatishe! Acha lizunguke mpaka bega la kushoto!"

"Ndiyo, mwalimu," asema Kaltumu, kisha akatisha tena.

Na mama yake, Sadiya, alikwisha sema mbele ya watu: kama mtoto hajui kupiga, anapoteza wakati, arudi nyumbani asaidie kusuka mikeka. Koboko haendi.

Alhamisi Ayikoru alishindwa kuvumilia, akaenda kwao, mtaa wa Wanubi. Akamkuta Kaltumu uani anajifunza kwa mpini wa jembe. Lo! Ua lenyewe upenyo tu, na kushoto kwake kichanja kimejaa mabakuli na masinia ya enameli yenye maua, yanameta juani. Heshima ya Sadiya yote ilikuwa pale. Kila mpini ukikaribia sinia, mtoto anaubana. Kumbe ndiyo sababu! Ayikoru akarudi akikimbia nusu, nusu akicheka.

Kesho yake akafanya jambo la haraka, na haraka haina baraka. Alileta uwanjani bakuli lake la enameli, akalisimamisha juu ya pipa, kushoto kwa Kaltumu, pale pale gongo lilipopaswa kupita.

"Piga mpira, na hilo bakuli lipige pia. Livunje, ni langu."

Kaltumu alilitazama bakuli kana kwamba ameambiwa amtukane bibi yake. Akaangusha gongo, akatoka mbio analia. Hapo Ayikoru akajua ameharibu. Akaanza kuzunguka uwanja, mikono kichwani.

Hakuzunguka sana. Sadiya huyo, anakuja, anamburuta Kaltumu kwa mkono.

"Mwalimu! Wewe nafundisha mtoto yangu kuvunja vyombo? Mwanamke navunja vyombo, nyumba yake iko wapi?"

"Nisamehe, Mama Kaltumu. Sikujua ni jambo zito hivyo. Lakini mtoto wako anajua kupiga, haki ya Mungu. Anaogopa kumaliza tu."

"Yeye naogopa nini? Kitu ya kuzungusha fimbo! Lete hapa."

Akanyakua gongo. Ayikoru akamrushia mpira taratibu. Sadiya akaupiga, pa! Na mikono yake ikaganda mbele ya kifua.

Wasichana wakazima vicheko kwa viganja. Sadiya hakuwasikia. Alikuwa anaiangalia mikono yake.

"Tupa tena," akasema.

Akaganda tena. Akafyonya, akafunga mtandio kiunoni. Ayikoru aliona uso wa mwanamke yule umebadilika, hasira imeondoka, kumebaki kitu kama huzuni, naye akamwonea huruma mpaka machozi yakamlenga.

"Mimi naishi pale ua tangu msichana," Sadiya akasema polepole. "Tupa tena!"

Safari hii gongo halikusimama. Liliupiga mpira, likapita kifua, likalifagia bakuli pale juu ya pipa, nalo likaruka likilia ngaa-ngaa mpaka kwenye majani, rangi imebanduka ubavuni. Gongo likaja kutulia begani kwa Sadiya, na yeye nyuma yake akapepesuka, akihema, midomo wazi.

Kaltumu akajishika mdomo.

Sadiya akamgeukia, akamnyooshea gongo.

"Shika. Na kesho, huko Koboko, kama wewe nakatisha, utanikuta mimi hapo pembeni ya uwanja."