Aliyeshuka Kusalimia

Baba wa rafiki yangu ana msimamo mmoja kuhusu baiskeli: si chombo cha mwanamke. Hasemi kwamba mwanamke hana nguvu, maana mabinti zake wamelima pamba kuliko kaka zao, na hilo analisema mwenyewe mbele ya wageni. Hoja yake ni adabu. Kwetu Usukumani binti hupiga goti anapomsalimia mkubwa. Sasa mzee anauliza, huyo aliyekaa juu ya kiti cha baiskeli, goti atalipigia wapi? Atamsalimia mzazi wake kutoka juu, kama askari?

Rafiki yangu ana miaka arobaini na kitu, ana kazi kwenye kiwanda Nyakato, ana watoto walio sekondari, na bado swali hilo lilimnyima raha. Baiskeli alijifunza ukubwani. Mimi, mwanamke mwenzake, ndiye niliyemshikilia nyuma kwenye uwanja wa shule ya msingi hapa Buhongwa, huku wanafunzi wakituchungulia dirishani na kucheka hadi mwalimu wao akatoka nje. Alianguka mara nyingi, akaamka kila mara. Mimi ningekuwa nimeacha, nasema kweli. Leo akiwa mbele yangu kwenye barabara ya Shinyanga asubuhi na mapema, namwona mgongo tu.

Mama yake alipofariki, mzee akahamia kwake, na swali likahamia pamoja naye. Mwaka jana tukaenda Uganda kwa mara ya kwanza, kwenye zile mbio za baiskeli za watu wote, upande wa Masaka. Anayetaka anajiandikisha, na geti la kumalizia hufungwa saa tisa. Wanaobaki nyuma huokotwa na lori. Rafiki yangu aliokotwa. Tuliporudi, mzee alimwambia amekwenda nchi za watu kupakiwa kwenye lori kama muhogo. Kisha wakakubaliana, baba na mwanawe, bila kuniuliza mimi niliyechubuka magoti kumfundisha: atakwenda mara moja tu tena; akifika kabla geti halijafungwa, mzee hataliuliza tena swali lake, na asipofika, baiskeli inauzwa na maneno yanaisha. Nilimkasirikia sana. Akanijibu kwamba amechoka kubishana na mtu anayempenda.

Basi mwaka huu tukafanya mazoezi kama tumetumwa. Tukapakia baiskeli kwenye buti la basi, zimefunguliwa magurudumu na kufungwa kwa mablanketi, tukavuka ziwa pale Busisi, tukalala Bukoba, kesho yake tukavuka mpaka wa Mutukula. Njia nzima alikuwa anatazama nje. Nilijua anachofikiria, nikamwacha.

Siku ya mbio watu walikuwa wengi na wa kila aina. Walikuwepo wenye baiskeli nyepesi unazoweza kuinua kwa kidole, wabeba ndizi na baiskeli zao za keria, hata padri mmoja aliyevaa bukta. Rafiki yangu alivaa suruali ya mazoezi, na kwenye mfuko wa mgongoni alikunja kanga. Nikamuuliza kanga ya nini, tunaenda msibani? Akasema mwanamke hatoki nyumbani bila kanga. Ndiye yule yule binti wa baba yake.

Natamani mngemwona akipanda mlima. Mimi hupanda kwa hasira, natukana kila jiwe. Yeye hupanda taratibu kama mtu anayepepeta mchele, hana haraka na hasimami, na hadi ufike juu ukiwa unahema, yeye ameshafika na anakunywa maji. Tungemaliza mapema kabisa siku ile. Lakini katikati ya safari ikanyesha mvua, na ile barabara ya vumbi jekundu ikageuka uji. Matope yakajaa kwenye minyororo. Tukawa tunashuka, tunakwangua kwa vijiti, tunapanda, tunashuka tena. Tulipofika chini ya mlima wa mwisho, lori la kuokota watu lilikuwa linanguruma nyuma yetu. Nikapiga hesabu kichwani: tukikaza, tunawahi.

Tukakaza. Nusu ya mlima palikuwa na nyumba ndogo pembeni, na bibi mmoja amekaa kwenye mkeka barazani, miguu ameikunja upande, anatazama waendesha baiskeli wakipita. Akainua mkono, akatusalimia. Walionitangulia walikuwa wamempungia mkono, nami nikampungia. Nyuma yangu nikasikia breki.

Nilipogeuka, rafiki yangu alikuwa ameegemeza baiskeli kwenye ukingo wa barabara. Akatoa kanga mfukoni, akaikung'uta, akajifunga kiunoni vizuri kabisa, kisha akaenda kupiga goti kwenye nyasi zilizolowa.

Asiyezijua salamu za Waganda asidhani ni jambo la dakika. Bibi alifurahi mno. Akauliza, mwenzangu akajibu kwa Kiswahili na kwa kichwa. Akauliza tena, na tena, halafu wakaanza kuitikiana kwa kuguna, huyu mmh, yule mmh, kwa sauti za chini, na kila nikidhani wamemaliza, bibi anaanza upya. Sikuelewa neno hata moja, ila nilielewa kwamba haiishi. Nilisimama pale nimepanua miguu juu ya baiskeli, damu imenipanda, namwashiria kwa mikono kama mwendawazimu. Hata dereva wa lori alizima injini akasubiri. Mwishowe bibi akamshika kichwa kwa mikono miwili kama anayembariki, akakiachia.

Dereva akatuambia kwa upole tupande, muda umekwisha. Rafiki yangu akamshukuru, akakunja kanga, akapanda baiskeli yake.

Tulipofika, geti lenyewe, lile la kujazwa upepo, lilikuwa limelala chini na vijana wawili wanalikunja. Tulipita juu ya mstari wa chokaa bila mtu kutupigia makofi. Kijana aliyekuwa anafunga maboksi ya medali alituonea huruma, akatupa mbili. Mimi yangu nikaivaa pale pale. Yeye akairudisha. Nikamwambia kuna nani Buhongwa anayejua geti lilifungwa saa ngapi? Akasema, "Baba hataki medali. Anataka jibu."

Kwenye basi alilia, uso ameuelekeza dirishani. Tulipokaribia Geita aliniuliza kama namfahamu mtu wa kununua baiskeli. Moyo uliniuma kuliko miguu.

Mzee alikuwa amekaa nje tulipoingia. Tukampigia goti sote wawili. Shikamoo. Marahaba. Akauliza habari za mbio, naye rafiki yangu akamjibu bila kupindisha: amefika kwa baiskeli yake, lori hakupanda, lakini geti alilikuta limefungwa.

"Kwa hiyo hukufika," mzee akasema.

Akaulizwa kilichomchelewesha. Akataja mvua, akataja matope. Nikasubiri aseme lile jingine, hakusema, ndipo nikaelewa kwamba hakuwa analificha. Kwake yeye halikuwa sababu ya kuchelewa. Alisalimia tu. Katika maisha yangu sijamheshimu mtu kama nilivyomheshimu dakika ile, na bado nilikuwa na hasira naye, kwa hiyo niliposema ilitoka kama mashtaka.

"Mzee, alikuwa anawahi huyu. Akashuka katikati ya mlima kumpigia goti bibi asiyemjua. Na kanga akajifunga."

Mzee akanitazama. "Alishuka?"

"Alishuka."

"Wenzake wanapita?"

"Wote walipita."

Akageuka kuitazama baiskeli. Ilikuwa imeegemea ukuta, bado ina tope jekundu la Uganda kwenye magurudumu. Rafiki yangu alikuwa bado yuko magotini, ameinamisha kichwa, anangoja kuambiwa bei.

"Mbona haina keria?" mzee akauliza.

Akajibiwa kwamba baiskeli za namna hiyo huwa hazina.

"Mwambie fundi aweke. Jumapili utanibeba kanisani."