Viazi vya Bibi na chupa ya chai

Leo nimepigiwa makofi kwa sababu ya chai.

Bibi alinitumia kutoka kijijini Masagati viazi vya okidi, ua la porini, dawa yake ya tumbo, nivipime kwa mashindano ya sayansi. Nilivichemsha, nikahifadhi maji yake kwenye chupa ya chai ya bwenini.

Mwalimu akadondosha kemikali ya kupimia kwenye maji hayo. Yakawa meusi! Yaani yana fenoli, kemikali za mimea ambazo huenda ndizo dawa yenyewe. Makofi!

"Binti, sasa weka maji matupu ya moto kwenye chupa hiyohiyo," mwalimu akasema, akayapima nayo.

Nayo yakawa meusi. Kumbe chai ina fenoli pia, na masalia yake yalikuwa yamegandia chupani.

"Daktari Majani ya Chai!" wenzangu wakacheka.

Nikampigia Bibi kuomba vingine.

"Mjukuu wangu, vile vilikuwa vya mwisho."

Nimebaki na kimoja, kimeanza kuchipua.

Mngekuwa ninyi, mngekipima au mngekipanda?