Dirisha la Baada ya Isha

Siku ya kwanza kazini nilifika na mtungi wa maziwa begani, kwa sababu sikuamini kama kazi ya televisheni ingefika jioni. Nilikuwa nauza maziwa ya ngamia sokoni Garissa. Mkuu wa Kituo, mtu wa Mandera, alikuwa mteja wangu, na alinichukua kwa ajili ya kelele zangu.

"Eeddo, shangazi, sauti yako inafika Dadaab bila mlingoti," aliniambia. "Njoo uitumie na mlingoti."

Nyinyi mnaotazama kila kitu kwenye simu, jueni kazi ilivyokuwa. Kipindi kilitengenezwa Nairobi, kikapandishwa kwenye setilaiti, kikashuka katika dishi letu lililokuwa kubwa kuliko nyumba yangu. Fundi wa Mitambo alikipitisha kwenye transmita, na mlingoti ukakisambaza. Sisi tulikuwa bomba, maji yalikuwa ya Nairobi. Lakini mara moja kwa siku walituachia dirisha, yaani robo saa yetu wenyewe. Fundi alikata picha yao, akaweka yangu, nami nikatangaza kwa Kisomali: mvua, misiba, malori ya maji, mifugo iliyopotea. Ngamia nilimtangaza kwa alama yake ya moto, ile aliyochomwa ngozini, nikiichora ubaoni kwa chaki. Redio ingeweza kutaja alama. Sisi tuliionyesha.

Shida ilikuwa saa. Nairobi walilipanga dirisha saa kumi na mbili na nusu jioni, na hapa hiyo ni maghrib. Nilipotangaza, mji mzima ulikuwa umesujudu. Mimi mwenyewe niliswali baadaye, nyuma ya mitambo, vidole vyeupe kwa chaki.

Mkuu wa Kituo alilalamika Nairobi hadi akachoka. Mwishowe akaja Mkurugenzi wa Matangazo mwenyewe.

"Hakuna simu inayolia hapa," alisema. "Mwezi ukiisha nalifunga hili dirisha."

Mimi ningerudi kwa maziwa, si neno. Lakini mfugaji aliyepoteza mnyama angeutazama ubao gani?

"Kabla hujafunga, twende ukatazame," nikamwambia. Mkuu wa Kituo akakubali kutangaza badala yangu.

Nilimketisha Mkurugenzi katika hoteli ya chai karibu na soko la mifugo. Ilikuwa imejaa. Adhana ikaita, wanaume wakasimama, vikombe vikabaki vinafuka moshi. Pale kwenye skrini Mkuu wa Kituo akaanza kutangaza ngamia, na aliyemsikiliza alikuwa paka mmoja juu ya kiti.

"Wameenda wapi wote?" Mkurugenzi akauliza.

"Kwa Mungu. Umeweka kipindi chako kishindane na Yeye, mwanangu. Mtazamaji wetu ndiye huyu, na hana ngamia."

Alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Kisha akakunja uso. "Baada ya isha kuna tamthilia, na wenye matangazo ya biashara wanaitaka. Nakupa jioni moja. Simu isipolia, tusilaumiane."

Jioni iliyofuata, isha ilipokwisha, nilichora alama ya ngamia wa mama mjane. Ngamia huyo ndiye pekee aliyekuwa akimpa mama huyo maziwa. Mkurugenzi alikaa kando ya simu, mikono kifuani. Sijafuta ubao, simu ikalia. Ni dereva wa lori la maji, yuko Dadaab.

"Mwambieni mwenye ngamia aje," alisema. "Mnyama amelala mbele ya lori langu na hataki kuondoka."

Simu ya pili ilikuwa ya mtu aliyeuliza tamthilia yake imepotelea wapi. Mkurugenzi akamjibu mwenyewe: "Subiri, ndugu. Kwanza ngamia."

Dirisha halikufungwa. Baadaye nilipelekwa Buna, kaskazini zaidi, kituo kidogo kilipofunguliwa kule, na Mkuu wa kule sikumpa nafasi ya kujaribu kuweka dirisha maghrib. Nikarudi Garissa, nikatangaza mpaka nikastaafu.

Siku hizi kuna ving'amuzi na idhaa nyingi. Binti aliyechukua nafasi yangu ana digrii na anachora alama zilizopinda. Nimemwambia, naye anarekebisha.

Isha ikiisha, mimi hupita mbele ya hoteli ile ya chai nikirudi nyumbani. Wanaume wanaburuta viti, wanavigeuza vyote upande wa skrini. Paka hana pa kukaa.