Mashine Isiyozimwa ya Kizimataa

Mdogo wangu ni kinyozi, na mtaa mzima unamwita Kizimataa. Jina hilo nilimpa mimi, maana kwa kubatiza watu sina mpinzani. Alizaliwa mtu wa kawaida kabisa. Alibadilika pale bei ya umeme ilipopanda mara ya pili ndani ya mwaka mmoja. Friji akaipa likizo. Pasi akaifungia kabatini, ufunguo akauvaa shingoni. Balbu zote akazifungua akabakiza moja, nayo ikawa ya kutembea: anayeingia chumba hiki anaingia nayo, kaishika kwa kitambaa isimuunguze. Jioni moja nimefika kwake, nyumba giza totoro.

"Jamani, taa iko wapi?"

"Inaoga na mama," mtoto akanijibu.

Shemeji alipotoka bafuni, balbu mkononi, alinishika shati. "Shemeji, mwambie nduguyo! Jana nimepika gizani, nimetia sukari badala ya chumvi. Amekula, akaramba na sahani, eti chumvi imeokolewa!"

Nikamwambia mdogo wangu. Ila mimi ni mtu wa elimu, ingawa shule niliishia darasa la sita kwa sababu ya wivu wa walimu. Nikaona nimpe na ujuzi kidogo.

"Sikiliza. Kinachokula umeme ni kule kuwasha. Kitu kikishawaka kinateleza tu, kama baiskeli kwenye mteremko. Wewe kila kichwa unawasha, unazima. Hapo ndipo unapoibiwa."

Alinitazama kama niliyemwonyesha hazina. "Kwa hiyo, kaka, nisizime?"

"Usizime."

Ushauri wangu uliishia hapo. Yaliyofuata aliyaongeza kwa akili zake mwenyewe.

Asubuhi moja nikaenda kunyolewa. Kibandani mashine inanguruma tangu saa moja, na kiti kimewekwa pembeni. Mahali pake kuna benchi. Tumepangwa watatu: dereva wa basi, fundi viatu, na mimi. Kizimataa akapita mbele yetu kama trekta shambani: kichwa cha dereva upande wa kushoto, cha fundi viatu upande wa kushoto, changu upande wa kushoto. Kubadilisha upande kwa kila mtu, alisema, ni kuiacha mashine ingurume bure. Kwanza kushoto kwa wote, kisha kulia kwa wote.

"Fanya haraka, ndugu yangu," dereva akasema. Alikuwa amekaa miezi minane bila kazi, na siku hiyo saa tano alitakiwa na kampuni moja ya mabasi kwa usaili. Shati lake la usaili alikuwa amelishika kwa hanga, mkono umenyooshwa mbali, lisiguswe na nywele.

Kizimataa akageuka aanze kulia. Mashine ikakohoa, ikanyamaza. Yuniti za umeme zimekwisha.

Akanunua nyingine kwa simu. Simu ikajibu: ombi lako linashughulikiwa. Akasubiri. Linashughulikiwa. Dereva akajitazama kwenye kioo: kushoto askari, kulia kichaka.

"Nitasimama vipi mbele ya watu hivi?" Akaufunika upande wa kulia kwa kiganja. "Wataniuliza nusu nyingine nimeiweka rehani!"

"Nenda kwa Mama Vioo," nikamwambia. Huyo ni jirani wa ng'ambo ya barabara, mwenye saluni ya vioo vingi, mafeni mawili na taa za rangi.

Kizimataa akaziba mlango kwa mwili wake. "Mteja wangu akishapigwa na lile feni, nitamwona tena?"

"Basi nyoa kwa meno!" dereva akafoka.

Ikabidi Kizimataa, mtu mzima, avuke barabara akaombe. Mama Vioo alikuwa mlangoni, mikono kiunoni.

"Si ulisema mimi nachoma umeme kama nyasi kavu?"

"Dada yangu, maneno ya ujirani hayo."

"Sema: feni lako ni zuri."

"Feni lako ni zuri."

"Sijasikia."

"Ni zuri mno, dada!"

Akatoa waya wa kuunganishia. Waya ukatoka saluni, ukavuka mtaro, ukafika katikati ya barabara ukagoma. Hautoki hapo hata kwa dua. Basi benchi likahamia katikati ya barabara, dereva akakaa na hanga lake, kazi ikaanza. Gari la maji likaja, likapiga honi.

"Nyie, barabarani ndiyo kwa kunyolea?" dereva wa gari la maji akachomoa kichwa.

"Anakwenda kwenye usaili!" fundi viatu akamjibu.

"Wa kazi gani?"

"Ya udereva!"

Yule bwana akazima injini mara moja. "Mnyoeni vizuri huyo. Na nyuma ya sikio hapo, mmeruka!"

Saa nne na nusu dereva akavaa shati palepale barabarani akakimbia. Fundi viatu akafuata. Ilipofika zamu yangu Mama Vioo akavuta waya wake. Wateja wake walikuwa wanalia joto, maana feni moja lilichomolewa kupisha waya.

Saa nane dereva akarudi, kacheka mpaka masikio yamesogea. Walikuwa wamemuuliza, ukikwama kwenye foleni ndefu unafanya nini?

"Nikawaambia nazima injini, maana leo nimemwona kwa macho yangu mtu anayebana matumizi kwa kutozima. Nikawasimulia yote, benchi na gari la maji. Mzee mmoja alicheka mpaka akavua miwani. Naanza Jumatatu!"

Tukapiga makofi. Mimi nilipiga zaidi, kwa kuwa bila ujuzi wangu asingekuwa na la kusimulia, na nikawaambia hivyo. Hapo nilikosea. Kizimataa akageuka polepole. Umeme ulikuwa umesharudi, mashine iko mkononi, kimya, ameizima.

"Kaka, ule ujuzi ulisoma wapi?"

"Na nusu yangu iliyobaki vipi?" nikauliza, nikijikalia benchini.

"Nusu yako," akasema, akiivisha mashine kifuniko chake, "tutaimalizia bei ikishuka."