Njia Ndefu Kutoka Kibera Hadi Kawangware

Nilitoka Vihiga kwa sababu shemeji yangu, mke wa kaka yangu, alikataa kutibiwa. Alikuwa na mtoto wa jicho, kulia na kushoto, na daktari alikuwa tayari kumpasua. Lakini alisema hataingia chumba cha upasuaji mpaka binti zake wawili waje wamshike mikono. Binti hao, Rael na Jeni, walikuwa Nairobi, na ulikuwa mwaka wa pili hawasemezani. Mimi ni senge yao, dada wa baba yao, na kwetu senge akitumwa hakatai. Tena, kusema kweli, sikuwa nimewahi kuiona Nairobi na nilikuwa natafuta sababu.

Basi lilifika saa kumi jioni. Rael alinipokea kituoni, akanipeleka kwake Mashimoni, Kibera, ambako alikuwa akishona sare za shule. Baada ya chai nikamweleza habari za mama yake.

"Mimi niko tayari hata kesho, Senge," alisema. "Shida ni Jeni."

"Basi twende Kawangware tukamwone."

"Kawangware?" Aliweka kikombe chini. "Huko ni mbali. Unapanda treni mpaka tao, katikati ya jiji, halafu unatafuta basi. Siku nzima imeisha. Na mashine nimwachie nani?"

Hapo nikajua ugomvi ulikoanzia. Rael alipombatizisha mtoto wake Brayo, Jeni hakufika, akatuma habari kwamba amekosa gari. Rael akajibu kwamba basi hata yeye atakuwa anakosa gari. Na kweli, tangu siku hiyo wote wawili walilikosa.

Asubuhi nilikwenda kuchota maji kwenye kioski. Mbele yangu alikuwa mama mmoja muuza samaki, jirani wa Rael, aliyeitwa Mama Atieno. Nilimwambia naenda kupanda treni nifike Kawangware. Alinitazama kidogo, akasema, "Haya, safari njema," akajitwika mtungi wake.

Stesheni ya Kibera nilikuta umati umesimama katikati ya reli kama uwanja wa soko. Treni ilipokuja ikiwa na watu wananing'inia milangoni, nilidhani ni wafanyakazi wa reli, nikawapisha. Kumbe ni abiria. Ngazi yake ni ya juu, na mimi si mwepesi. Bwana mmoja aliyevaa tai alinisukuma kutoka nyuma kwa mikono miwili huku akiniomba msamaha, "Samahani mama, samahani mama," mpaka nikaingia. Nilipogeuka kumshukuru, alikuwa amebaki nje anakimbia kutafuta mlango mwingine.

Tao nilitembea nikiuliza, nikaelekezwa pande nne tofauti na watu watatu. Saa nne hivi nikapata basi. Makanga, yule mpokea nauli, akaniambia, "Ingia, mathe, tunatoka saa hii." Saa hiyo ilichukua karibu saa nzima.

Tukiwa Barabara ya Ngong, karibu na maduka ya Adams, basi lilisimama kupakia. Akapanda Mama Atieno na beseni lake la samaki.

"Senge wa Rael," alisema, "bado uko njiani?"

"Wewe umetokea wapi?"

"Nyumbani. Nimeoga, nimepika, nimetembea nusu saa." Akaketi karibu nami. "Mimi huuza Kawangware kila siku. Leo nimepanda basi kwa sababu mguu unaniuma."

"Kwa nini hukuniambia asubuhi?"

"Ulisema unaenda kupanda treni. Nikafikiri labda unataka kuona treni."

Nilimwonyesha upande wa tao nilikotoka, nikamwonyesha mabati ya Kibera yaliyokuwa bado yanaonekana, na tukacheka mpaka makanga akauliza kama tuko sawa.

Jeni alikaa Kabiro, hukohuko Kawangware, chumba kimoja, nje akisuka watu nywele. Alinikumbatia, akalia kidogo kwa ajili ya mama yake, akasema yuko tayari hata kesho.

"Basi twende Kibera tukamwone dada yako."

"Kibera, Senge? Mpaka urudi tao, usubiri treni ya jioni. Na hawa wateja?"

Sikumbishia. Nilikula, nikalala, nikasukwa. Ijumaa Mama Atieno alipopita na samaki, nilimpa ujumbe kwa Rael: Senge amepotea njia, kesho saa nne atakuwa Dagoretti Corner, na kama hutakuja kumchukua hajui atakakoishia. Jeni naye nilimwomba anisindikize hadi Corner, ambako Mama Atieno aliniambia ni nusu ya njia, nikanunue leso.

Jumamosi tulifika mapema. Nilichagua leso polepole sana. Saa nne na robo nikamwona Rael anakuja mbio, jasho linamtoka, Brayo mgongoni. Alikuwa na hofu ya kweli usoni, na hapo roho yangu ilinisuta. Kisha akamwona Jeni, akasimama.

Hawakusalimiana. Nilianza kuogopa kwamba nimeharibu.

"Umekuja na gari gani?" Jeni aliuliza hatimaye.

"Kwa miguu. Na wewe?"

"Kwa miguu."

Watu walitupita. Rael aliangalia alikotoka, Jeni akaangalia alikotoka, na nadhani kila mmoja alikuwa akipima umbali. Brayo akachungulia begani mwa mama yake, akazishika rasta ndefu za Jeni na kuzivuta kwa nguvu zake zote.

"Huyu ndiye?" Jeni aliuliza, kichwa kimeinama.

"Ndiye."

"Mwambie aachilie."

"Mwambie wewe. Wewe ni mama yake mdogo."

Jeni alimchukua, na siku hiyo hakumrudisha. Tulikwenda Kibera sote, kwa miguu.

Wiki iliyofuata tulirudi Vihiga watatu. Shemeji yangu aliingia upasuaji ameshikwa mikono yote miwili. Bandeji zilipotolewa aliwatazama binti zake kwa muda mrefu, akasema wamekonda, akaomba uji.

Kanisani akina mama waliniomba nisimame niwaeleze nilichojifunza safarini. Nilisimama nikawaeleza kuhusu upendo na subira. Habari ya kudanganya kwamba nimepotea sikuitaja, kwa sababu mchungaji alikuwa amekaa mstari wa mbele, na kwa sababu nikitumwa tena nitafanya vilevile.