Kuchaji Simu kwa Pikipiki Kinampanda

Enzi hizo nyumbani Kinampanda hapakuwa na umeme, na simu yangu iliisha chaji siku dada yangu alipofanyiwa upasuaji Dodoma. Mama alitaka kusikia sauti yake tu. Nikaunga waya wa chaja kwenye betri ya pikipiki, nikawasha injini, nikakaa pembeni nikiilinda kama msimamizi wa mtihani.

Kwetu pikipiki ikiunguruma uani, mgeni anaondoka, na mimi nilikuwa likizo tu kutoka chuo. Majirani wakaja kuniaga na mizigo ya kuwapelekea ndugu zao wa Singida Mjini: kuku, viazi, dumu la asali.

"Shikamoo, shangazi. Siondoki, nachaji simu," nikamwambia wa kwanza kufika.

"Marahaba. Chuo kikuu chote kile, unachoma petroli ukiwa umekaa?"

Walicheka. Nilichoka kueleza, nikapokea kila kitu.

Hatimaye simu ikawaka, na dada akapiga. "Shikamoo, mama," alisema kwa sauti ya usingizi.

"Marahaba, mwanangu," mama akaitikia, akakaa chini palepale.

Walipomaliza kuongea, injini ilikohoa ikazima. Petroli ilikuwa imekwisha.

Mama alinirudishia simu, akajifuta macho. "Haya," akasema, "sasa unaweza kuondoka."