Daktari wa Majini

Balaa lote lilianzia kwenye neno moja la Kiswahili.

Nyumbani kwetu, upande wa Karungu, tunazungumza Kijaluo, na Kijaluo hakina neno la jeni. Niliporudi na shahada yangu ya udaktari, Mama aliniuliza mbele ya wageni nimesomea nini hasa. Nikamjibu kwa Kijaluo safi, na katikati nikatumbukiza hilo neno: nachunguza jeni, jinsi zinavyowashwa na kuzimwa. Mama akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Jumapili alisimama kanisani kutoa shukrani, akatangaza kwamba binti yake sasa ni daktari wa majini.

Yawa! Akina mama wa kanisa walinizunguka palepale, wakaniwekea mikono kichwani, wakaikemea elimu yangu yote kuanzia chuo kikuu kurudi nyuma. Mjini Migori, Mwislamu mmoja mwenye duka la vitambaa, mtu wa pwani, alinivuta kando kwa heshima. "Dada, hiyo kazi si ya mchezo. Una mwalimu lakini?" Nikamwambia ninaye, ni profesa. Akataka kujua kama huyo profesa analala vizuri usiku. Nikafikiri kidogo, nikasema hapana, halali. "Basi," akasema, "nilijua tu."

Wavuvi wao walielewa majini kuwa ndani ya maji. Kila nikija nyumbani naletewa ngege aliyevimba jicho, eti nimtazame. Nilieleza mpaka nikachoka. Siku moja nikamgeuza samaki huku na huku, nikaagiza aoshwe vizuri na akaangwe kwa moto mkali. Heshima yangu ilipanda siku hiyo kuliko siku niliyotunukiwa shahada.

Kazi yenyewe si ngumu kueleza, ukipata mtu wa kusikiliza. Kila chembe ya mwili wako ina maagizo yote: ya jicho, ya ini, ya ukucha. Tofauti ni yapi yamewashwa na yapi yamezimwa. Mimi nimekula ujana wangu kwenye swichi moja tu, ya damu. Mtoto akiwa tumboni ana damu ya namna yake. Akishazaliwa, jeni ya damu hiyo inalazwa, na nyingine inashika zamu. Kwa watu wengi hakuna shida. Lakini kwa mtoto mwenye selimundu, ile inayoshika zamu ndiyo mbovu. Chembe zake hujikunja kama mundu, zinaziba mishipa, na mtoto analia kwa uchungu wa mifupa. Ukiweza kuiamsha ile ya kwanza, mtoto anapata nafuu. Nimelieleza hilo kwenye kumbi zenye mazulia, watu wakapiga makofi, tukaenda kunywa chai.

Halafu ikaja kwetu. Kaka yangu ananunua na kuuza ng'ombe soko la Ogwedhi, mkewe ni mwalimu huko Ntimaru, na binti yao analelewa na Mama. Mtoto hakuwa ametimiza mwaka alipoanza kuvimba mikono na miguu na kulia bila kunyamaza. Nilipigiwa simu nikiwa Nairobi. Nikawaambia mkimbizeni hospitali, leo hii, msingoje kesho! Wakaitikia vizuri sana. Kisha wakafanya wanavyofanya Wajaluo mtoto akilia hivyo: wakakaa naye chini na kutaja majina ya wafu wa ukoo, mmoja mmoja, wajue ni nani anayetaka kurudi ndani yake. Walipolitaja jina la nyanya yangu, mama mkwe wake Mama, mtoto akanyamaza.

Uchungu wa selimundu huja na huondoka wenyewe. Ulikuwa umefika wakati wa kuondoka. Nani angenisikia? Mtoto akapewa jina, akaanza kuitwa Dana, yaani Nyanya, na kwa Mama kesi ikafungwa.

Ingebaki imefungwa kama uchungu usingerudi. Ulirudi, ukarudi tena, na mtoto alipotimiza miaka minne nikampakia mwenyewe mpaka Homa Bay. Vipimo vikatoka kama nilivyoogopa. Kliniki ikatupa vidonge vya kuyeyusha kwenye kijiko cha maji, kimoja kila siku, na tarehe za kurudi kupimwa damu. Kidonge chenyewe kinafanya nini? Kinaiamsha ile jeni iliyolala. Nilisimama pale dirishani pa dawa nikicheka peke yangu. Kinachonikesheza maabara kilikuwa kimefungwa kwenye karatasi ya kaki.

Kaka na mkewe walikubali bila neno. Lakini wao hawaishi na mtoto. Anayeishi naye ni Mama, na Mama alikuwa na sayansi yake: dawa ni ya mgonjwa. Mtoto akilia, anapewa. Akicheza uani, unamlisha dawa ya nini? Vidonge vikakaa juu ya kabati, karibu na redio, na mimi kila nikipiga simu nikaambiwa Dana hajambo, anakula, anakusalimu.

Likizo nilipofika nikakuta vimejaa vilevile, na mtoto amejikunja kwenye mkeka, mguu haugusiki. Haki ya Mungu, nilipandwa na hasira. Nilimpigia kelele mama yangu mzazi mbele ya majirani. "Mtoto huyu atakufa, Mama! Unasikia? Atakufa na dawa iko juu ya kabati!" Nilikuwa nimeona watoto wengi wa namna hiyo kwenye makaratasi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniita shangazi.

Mama akambeba mtoto. Tukampeleka hospitali, akatundikiwa maji, uchungu ukashuka. Tuliporudi, Mama akakaa kwenye kigoda chake, akaniambia, "Haya, nyathina. Nieleze hiyo jini yako, na usinisomeshe Kizungu."

Nikamweleza, mtoto wake, kama alivyotaka. Nikasema ndani ya damu ya mtoto kuna kitu alichokuja nacho kutoka tumboni. Ni kizuri, kina nguvu. Alipozaliwa kikalala.

"Ni cha zamani?"

"Cha zamani sana. Kimerithiwa, kizazi kwa kizazi."

"Na hakijafa."

"Hakijafa, Mama. Kimelala tu. Hiki kidonge kinakiamsha, lakini kikiachwa siku mbili tatu, kinaanza kusinzia tena."

Mama akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mwanafunzi aliyerudia darasa na hatimaye amefaulu. "Sasa mimi nilisema nini miaka yote hii? Si nilisema ni yeye?"

Nikafungua kinywa nimsahihishe. Nilikuwa nazo hoja, tena nyingi, nilizilipia kwa ujana. Mama alikuwa ameshainuka, anavishusha vidonge kutoka juu ya kabati. Nikafunga kinywa.

Tangu siku hiyo hakuruka hata asubuhi moja. Nyanya yangu alikuwa mkali, na Mama alimwogopa akiwa hai kuliko anavyomwogopa mchungaji. Sasa ajasiri kumwacha alale njaa mpaka saa nne? Uzeeni masikio ya nyanya yalikuwa yameziba, kwa hiyo Mama alisimama mlangoni na kijiko, akamwita kwa jina lake lote, kwa sauti ya kufika ziwani: "Amka! Amka ufanye kazi!" Kisha mtoto akafungua mdomo. Kule kliniki muuguzi akashangaa ile damu ya tangu tumboni ilivyopanda. Akaniuliza tunafanyaje nyumbani. Nikasema tunafuata maagizo.

Mwezi uliopita Mama alifanyiwa upasuaji wa jicho, nikamchukua Dana akae nami Nairobi. Asubuhi ya kwanza nikayeyusha kidonge, nikapima maji sawasawa, nikampelekea. Akabana midomo.

"Kunywa, mama."

Akatikisa kichwa. "Waya," akasema, maana ndivyo tunavyoita shangazi, "hujamwita."

Nikamwambia dawa ni dawa. Nikamweleza kidogo kuhusu damu. Alinisikiliza kwa adabu, midomo imebanwa, na saa ya kazi inanipita.

Jina la nyanya sikuwa nimelitamka tangu tulipomzika. Yeye ndiye aliyenilea nilipokuwa mdogo. Alikuwa akinifunga mgongoni kwenda shambani, na mimi nilikuwa namlilia sikioni mpaka ananitania kwamba nitamziba masikio. Nikasimama jikoni na kijiko mkononi, nikaliita. Lilitoka kwa taabu.

Dana akanitazama kwa subira. "Sauti ndogo," akasema. "Yeye ni mzee, hasikii vizuri."

Nikapaza sauti.